Nia mbili: kwenda kusoma Kanada huku ukitamani kubaki

Katika sheria ya uhamiaji ya Kanada, mtu huhesabiwa kuwa na nia mbili pale anapoomba kuingia kwa muda, tuseme kama mwanafunzi, huku akitumaini baadaye kupata ukaazi wa kudumu. Kifungu cha 22(2) cha sheria hiyo kinakubali jambo hili waziwazi: kutamani ukaazi hakumzuii mtu kupewa kibali cha masomo, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukiisha.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Afisa anapima jambo moja: huyu akikosa ukaazi, atafunga virago? Ndiyo maana anachungulia fedha zako, ndugu na kazi ulivyoacha nyumbani, na zaidi ya yote, kama masomo uliyochagua yanaingia akilini. Mhasibu wa Nairobi mwenye shahada anayeomba kwenda kusomea cheti cha ngazi ya chini ya aliyo nayo hana kosa, ila asipoeleza sababu, afisa atajitungia yake.

Baadhi ya mawakala huwafundisha vijana kuandika kwamba hawajawahi hata kuwaza kubaki. Huo ni ushauri mbaya, na unaniuma kwa sababu wanaoulipia ni wazazi waliouza shamba. Sheria haikudai uongo huo. Kinyume chake, kifungu cha 40 kinamfungia mlango wa Kanada kwa miaka 5 anayebainika kudanganya au kuficha jambo la msingi, na taarifa bandia ya benki imo humohumo.

Marekani mambo ni tofauti: mwenye viza ya masomo ya F-1 anatakiwa kuonyesha kwamba hana nia ya kuhama kwao, wakati viza ya kazi ya H-1B inaruhusu nia zote mbili. Kwa hiyo usichukue ushauri wa binamu aliyeko Texas ukaupeleka Toronto.

Baada ya kuhitimu, nia ya pili hupata njia yake. Kibali cha kazi cha wahitimu hudumu hadi miaka 3 na hutolewa mara moja tu maishani. Ndani yake unatafuta mwaka 1 wa kazi ya ujuzi, yaani saa 1,560, ili uombe ukaazi kupitia mkondo wa uzoefu wa Kanada. Saa ulizofanya kazi ukiwa mwanafunzi wa kutwa hazihesabiki katika mkondo huo, hata zikiwa za ujuzi.

Mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni, hata akiwa na leseni ya kushauri kuhusu kibali cha masomo, haruhusiwi kukushauri kuhusu ukaazi. Kwa hilo tafuta wakili, au mshauri wa uhamiaji mwenye leseni kamili. Muulize namba ya leseni na uitafute kwenye orodha ya wazi ya chombo kinachowasimamia, kabla hujamtumia hata senti.