Shoti si kila ubovu wa umeme

Jetski (pikipiki ya majini) ya zamani ikigoma kuwaka, kiti hakijafunuliwa bado, mtu ameshatoa hukumu: "Hiyo imepiga shoti." Skrini haionyeshi kitu, shoti. Stata, mota ya kuwashia injini, inagonga "tk" halafu kimya, shoti. Betri imekaa mwaka mzima bila kuchajiwa, nayo eti shoti.

Shoti ni umeme kupata njia ya mkato kutoka chanya kwenda hasi bila kupitia kifaa uliotakiwa kukiendesha. Basi. Kwa kuwa hakuna cha kuupunguza, mkondo unafurika, waya unachemka, na fyuzi ya kiwango sahihi inakatika papo hapo.

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Kwenye umeme limetoka kwenye Kiingereza cha "fupi", yaani njia imefupishwa. Lakini mtunza fedha ambaye hesabu haikutimia naye husema ana shoti, maana yake kapungukiwa. Aliyerushwa na waya tunasema kapigwa shoti, na huo ni mshtuko, jambo jingine kabisa. (Punda anayekwenda shoti tumwache na mbio zake.) Katika hizo zote, shoti ya mtunza fedha ndiyo inayonikera, kwa sababu inawafanya watu wadhani shoti ni umeme kupungua. Ni kinyume: ni umeme kupita kwa wingi, mahali usipotakiwa. Umeme usipofika kabisa, waya umekatika au swichi haishiki. Ukifika kidogo, kuna ukinzani njiani, yaani kitu kinachouzuia kupita.

Na jetski kuukuu huugua zaidi huo ukinzani. Bodi ya gari ni chuma kilichoungwa na hasi ya betri, hivyo waya wa chanya ukichubuka ukaigusa, hiyo ni shoti halali. Bodi ya jetski nyingi ni fibaglasi, haipitishi umeme. Waya uliochubuka utaiegemea bila tatizo mpaka uguse injini au waya wa hasi. Adui wa humo ndani ni chumvi. Niliwahi kuchuna waya mnene wa hasi ambao kwa nje ulikuwa mzima, hata rangi haijapauka. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, zenye unga wa kijani, zinakatika kwa kucha.

Waya wa namna hiyo unaidanganya hata multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Chukua ukinzani wa omu 0.05 tu: kipimo cha kawaida kitaonyesha karibu sifuri, utasema mzima. Sasa stata ivute amperi 100 kupitia hapo. Volti 5 zinapotelea njiani, na stata inayotaka 12 inabaki na 7. Ndiyo maana waya hupimwa ukiwa kazini. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako abonyeze stati. Ikisoma zaidi ya nusu volti, anza kusafisha maungio ya upande huo, kisha rudia vilevile upande wa chanya. Kabla ya yote acha kiti wazi kwa muda, mvuke wa petroli utoke. Cheche moja inatosha.

Nikiri kwamba shoti za kweli zipo. Kwenye injini nyingi za zamani, swichi ya kuzimia hufanya kazi kwa kuupeleka umeme wa kuwashia moja kwa moja kwenye hasi. Maji yakiingia humo, stata inazunguka vizuri lakini plagi hazitoi cheche, na hakuna fyuzi iliyokatika. Hiyo iite shoti, sibishi.

Ila ile ya "tk" halafu kimya, fyuzi nzima, betri inasoma volti 12.6, sema umeme haufiki wa kutosha. Fundi atashika brashi ya waya badala ya kuanza kukuuzia fyuzi.