Je, wajua? Kwa nini mhariri asiyetoka ofisini naye hupata kiwewe cha vita

Ikitajwa afya ya akili ya wanahabari, wengi humfikiria yule aliyekwenda vitani na kamera begani. Huyo kweli yumo hatarini. Lakini yupo pia anayeshinda ofisini akipokea video za mauaji na milipuko zilizopigwa na mashuhuda, akihakiki kama ni za kweli, akichagua sekunde chache zinazofaa kurushwa hewani. Mtazamaji huona sekunde hizo tu. Mhariri ameona video nzima, na mara nyingi ameirudia.

Kurudia huko ndiko kunakoumiza. Mwaka 2014, Anthony Feinstein, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Toronto, na wenzake walichapisha utafiti wa wanahabari 116 wanaoshughulikia picha za aina hiyo katika vyumba vya habari. Waliona kwamba madhara yaliambatana zaidi na mara ngapi mtu anazitazama kuliko anazitazama kwa muda gani. Ukifikiria, inaeleweka. Mwili hushtuka hata akili inapojua kuwa hatari iko mbali: moyo hudunda, misuli hukaza. Mshtuko ukija tena kesho na keshokutwa, mwili haupati nafasi ya kutulia. Usingizi huanza kupaa, picha hujirudia zenyewe kichwani, hasira huja upesi, au mtu hufa ganzi asihisi chochote.

Utabibu nao umelikubali jambo hili. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, hauhesabu picha za televisheni au mitandaoni kuwa chanzo cha ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, isipokuwa pale kuzitazama kunapokuwa sehemu ya kazi ya mtu.

Kinga nyingi hazigharimu kitu. Ya kwanza ni kuzima sauti isipohitajika, maana vilio hung'ang'ania kichwani kuliko hata damu. Dirisha la video lipunguzwe ukubwa. Faili liandikwe onyo, mwenzako asilifungue bila kujua kilichomo. Aliyekwisha kuitazama video aandike dakika zenye maudhui makali, ili wengine watano wasilazimike kuipitia upya. Hilo la mwisho naliona muhimu kuliko yote, kwa sababu linapunguza idadi ya watu wanaoumia.

Hata hivyo, si haki mzigo wote kumwachia mfanyakazi. Wengi hunyamaza wakihofu kuonekana dhaifu na kunyimwa habari kubwa, hivyo ushauri nasaha unapaswa kupatikana bila taarifa kufika kwa bosi. Mwaka 2019 mahakama ya jimbo la Victoria, Australia, iliamuru gazeti la The Age limlipe aliyekuwa mwandishi wake dola 180,000 za nchi hiyo, baada ya kuona kwamba halikumlinda na madhara ya kuripoti matukio ya kutisha kwa miaka mingi.

Msimamizi anayepanga zamu za wiki ijayo anaweza kuanza na swali moja: nani amekaa na video hizi siku nyingi mfululizo, na nani atampokea?