Virusi vya herpesi na ngozi yako: maswali na majibu

Ubavu unaniwaka upande mmoja na malengelenge yamejipanga mstari. Nimekojolewa na buibui?

Hapana, dalili hizo ni za mkanda wa jeshi. Ukipona tetekuwanga, virusi vyake, ambavyo ni vya jamii ya herpesi, havitoki mwilini; hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo. Kinga ikipungua, huamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge hukaa upande mmoja na kwa kawaida hayavuki katikati ya mwili. Maumivu huweza kutangulia upele kwa siku kadhaa, mtu akadhani ni kichomi au figo.

Usipoteze siku kupaka dawa za kienyeji. Asaikloviri, dawa ya kupambana na virusi hivi, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Kwa mtu mzima, daktari huandika miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Mwenye tatizo la figo hupunguziwa dozi. Ukichelewa, upele utakauka, lakini maumivu yanaweza kubaki kwa miezi. Malengelenge yakitokea karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana jicho linaweza kupofuka. Kijana anayepata mkanda wa jeshi apime pia VVU.

Mwanangu ana pumu ya ngozi. Shangazi yake ana vidonda vya homa mdomoni. Ambusu?

Tafadhali, asimbusu mpaka vikauke kabisa. Ngozi yenye pumu ina nyufa, na virusi vya herpesi hupenya humo na kusambaa haraka. Utaona vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, kama vimetobolewa, pamoja na homa na mtoto kukosa raha. Hapa ndipo makosa hutokea: mzazi anakwenda duka la dawa, anauziwa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi (dawa inayopunguza kinga ya ngozi), anaipaka peke yake, na virusi vinazidi kuenea. Hiyo ni dharura. Mtoto anahitaji asaikloviri, mara nyingi ya sindano, na kulazwa.

Nina baka moja kubwa kifuani, kisha madogo yamejaa mgongoni. Ni fangasi?

Huenda ni pitiriasisi rosea, aina ya upele unaoanza na baka moja. Virusi vya herpesi namba 6 na 7 vinashukiwa, ila haijathibitika kwamba ndivyo chanzo. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya kijivu au kahawia iliyokolea, yenye magamba pembezoni. Kwa kawaida hupotea yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 8. Joto na jasho la Dar es Salaam huzidisha muwasho, kwa hiyo oga maji ya baridi na vaa pamba. Pima kaswende, kwa sababu upele wake unafanana sana na huu.

Na madoa ya zambarau miguuni yasiyouma?

Yachunguzwe mapema. Virusi vya herpesi namba 8 ndivyo chanzo cha saratani ya Kaposi, hasa kwa wanaoishi na VVU. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi, kisha hukuelekeza hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ikithibitika.