Je, wajua kwa nini beji ya aliyeshindwa huweza kuwa ghali kuliko ya rais?

Jumapili moja nilikuwa nafukua rundo la makoti ya jinzi katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mitumba ya Jumapili ina mwenyewe. Kamera, yaani zile nguo nzuri za bale, huwa zishaondoka kabla jua halijapanda, na sisi wa kuchelewa tunaokota kilichorukwa na macho ya wengine. Koti nililolishika lilikuwa limetoboka kiwiko, lakini kwenye ukosi palikuwa na beji ya bati yenye sura mbili zinazotabasamu, mwanamume na mwanamke, na majina yao: Mondale na Ferraro.

"Omera, koti ni mia tatu. Hao wazungu nakupa bure," muuzaji akasema.

Nililipa haraka kuliko kawaida yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba iko beji moja ya kampeni ya Marekani, ya mwaka 1920, yenye sura za wagombea wawili walioshindwa, ambayo ikifika mnadani huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Na hawa wangu nao ni wawili, nao walishindwa, tena vibaya. Mwaka 1984 Walter Mondale alipambana na Ronald Reagan akapata jimbo lake la Minnesota na mji mkuu Washington tu; majimbo 49 yalimkataa. Geraldine Ferraro, mgombea mwenza wake, alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo na chama kikubwa nchini humo. Nikajiona tajiri hadi nilipofika nyumbani.

Thamani yake ni dola chache. Koti lenyewe, pamoja na tundu la kiwiko, linaishinda. Sasa kwa nini walioshindwa 1920 wawe mali na walioshindwa 1984 wawe pambo?

Tuanzie kwenye jina. Wamarekani huiita beji ya namna hii kwa neno lile lile la kifungo cha shati, na si bure. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza mwaka 1789, baadhi ya watu walishona kwenye makoti yao vifungo vya shaba vilivyochongwa herufi za jina lake na maneno ya kumtakia rais maisha marefu. Hivyo vilikuwa vifungo kweli, vya kufungia koti. Mwaka 1860, Abraham Lincoln alipogombea, picha zilikuwa zimeshaanza kupigwa juu ya vipande vyembamba vya chuma, kwa hiyo wafuasi wake wangeweza kutundika kifuani sura yake halisi badala ya mchoro. Lakini picha za namna hiyo zilikuwa kazi ya mkono, moja moja. Hazikuweza kumfikia kila mpiga kura.

Kilichobadilisha mambo ni seluloidi, na hapa naomba nizunguke kidogo, kwa sababu njia inapita karibu na kwetu. Katika miaka ya 1860, kampuni moja ya meza za biliadi huko New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote atakayevumbua kitu cha kutengenezea mipira badala ya pembe za ndovu. Pembe zilikuwa ghali, na pembe laini ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitafutwa sana. Ndiyo biashara iliyoileta misafara ya Waswahili na Waarabu mpaka kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, pale Mumias ya leo, kuwauliza watu wa magharibi mwa Kenya kama wana meno ya ndovu. Mvumbuzi John Wesley Hyatt alichukua pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, akaichanganya na kafuri, akapata kitu kigumu chenye kung'aa. Ndiyo seluloidi. Kwa mipira ya biliadi hakikufaa sana. Kwa vitana, kola za mashati na filamu za picha kilifaa mno. Kiwanda chake kilihamia Newark, katika jimbo la New Jersey.

Na ni Newark hiyo hiyo ambako kampuni ya Whitehead & Hoag ilikuwa ikitengeneza nishani na riboni. Wao wakaona kwamba karatasi iliyochapwa picha, ikifunikwa kwa utando mwembamba wa seluloidi inayopenyeza mwanga, ikavutwa juu ya kibati cha mviringo na kubanwa nyuma kwa pete ya chuma, basi ndani ya pete hiyo unaweza kuchomeka waya wa pini, na kazi imekwisha. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya muundo huo ina tarehe ya 21 Julai 1896. Uchaguzi wa rais ulikuwa Novemba mwaka huo huo.

Bahati haiji hivyo mara mbili. Ule uchaguzi ulikuwa wa moto: William McKinley akitetea pesa inayosimama juu ya dhahabu, William Jennings Bryan akitaka madini ya fedha nayo yafuliwe sarafu bila kikomo ili wakulima wenye madeni wapumue. Bryan alizunguka nchi kwa treni akihutubia mpaka sauti ikakauka. McKinley alikaa barazani kwake mjini Canton, Ohio, na watu wakaletwa kwake kwa treni. (Kampeni ya barazani! Wanasiasa wetu wanaotimua vumbi kwa helikopta wasome hapo.) Beji zikamwagika kwa mamilioni. Waliomuunga mkono McKinley walivaa hata pini za umbo la vidudu vya rangi ya dhahabu kwenye makoti, na wa Bryan wakajibu kwa vya rangi ya fedha.

Kwa sababu zilikuwa nyingi hivyo, beji ya McKinley yenye zaidi ya miaka 120 bado hupatikana kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuimudu. Kwa hiyo umri peke yake haupandishi bei. Wala kushindwa hakupandishi: Bryan alishindwa 1896, akashindwa 1900, akarudi 1908 akashindwa tena, na beji zake nyingi ni za kawaida tu.

Twende basi 1920. Chama cha Democratic kilimsimamisha James Cox, gavana wa Ohio, na mgombea mwenza kijana wa miaka 38 aliyeitwa Franklin D. Roosevelt. Kampeni yao ilikuwa na mfuko mwembamba. Beji nyingi walizomudu zilikuwa na majina tu, bila picha. Za sura mbili pamoja zilitengenezwa chache. Warren Harding akawashinda kwa mbali, na hizo chache zikafuata njia ya vitu vya walioshindwa: droo, jalala, moto. Mpaka hapo ni takataka kama takataka nyingine. Ila miaka 12 baadaye yule kijana akarudi akawa rais, akachaguliwa mara nne, jambo ambalo hakuna mwingine amelifanya. Ghafla kila mkusanyaji wa vitu vya Roosevelt akataka ile sura yake ya ujana pembeni mwa Cox, na haikuwepo. Zinazojulikana zimebaki hazifiki mia.

Ndiyo siri yenyewe. Zichapwe chache, zitupwe kwa wingi, kisha mtu aje azitake kwa sababu mpya. Mondale na Ferraro walichapwa kwa wingi mno, na watu wengi walizitunza kwa heshima ya Ferraro. Yangu ilivuka bahari ikiwa kwenye koti, na dada zake wamejaa kwenye madroo huko kwao.

Hesabu ya pesa tuiweke kando, maana zipo beji ambazo hadithi yake inaishinda bei yake. Roosevelt alipotaka muhula wa tatu mwaka 1940, wafuasi wa mpinzani wake Wendell Willkie walitoa mvua ya beji za vijembe. Moja ilisema kwa kifupi: Washington hakutaka, Grant hakuweza, Roosevelt asithubutu. Nyingine ikamgeukia mkewe Roosevelt: hatumtaki Eleanor pia. Ukiiangalia hiyo ya pili unaona kabisa ni leso, yaani kanga. Ni lile jina la leso ambalo mama analivaa akapita mbele ya mlango wa jirani bila kufungua kinywa. Sisi tuna kitambaa, wao walikuwa na bati. Obama aliposhinda mwaka 2008, sisi tulitoa leso yenye sura yake, ya kumpa hongera na kusema upendo na amani ametujalia Mungu.

Barry Goldwater mwaka 1964 alikuwa na beji yenye alama za kemia tu: alama ya dhahabu, kisha alama ya maji, kwa kuwa jina lake kwa Kiingereza ni dhahabu na maji. Alishindwa vibaya na Lyndon Johnson, lakini walimu wa kemia nadhani walimpigia.

Na uso wa manjano unaotabasamu, ule unaoutuma kwenye simu kila siku, nao umepitia kwenye beji. Mwaka 1963 kampuni moja ya bima huko Worcester, Massachusetts, ilikuwa imeungana na nyingine na wafanyakazi wamenuna. Ikamwita mchoraji Harvey Ball awatengenezee kitu cha kuwachangamsha. Akachora duara, macho mawili, mdomo. Akalipwa dola 45. Hakusajili haki yoyote. Miaka ya mwanzo ya 1970 ndugu wawili wa Philadelphia, Bernard na Murray Spain, wakaongeza maneno ya kutakia mtu siku njema, wakauza zaidi ya beji milioni 50. Dola 45, wee!

Ukikutana na beji ya zamani Kibuye au kwa wauza vikorokoro wa Nakuru, usiitie maji. Wengi hukimbilia sabuni na kuharibu kila kitu, kwa sababu chini ya ule utando kuna karatasi. Unyevu ukipenya ukingoni huacha madoa ya kahawia yasiyotoka, na bati huanza kutu kwa ndani. Ifute kwa kitambaa kikavu. Kisha igeuze. Za kale za Whitehead & Hoag mara nyingi zina kijikaratasi nyuma chenye jina la kampuni na tarehe za hataza. Mwishowe angalia kama picha iko kwenye karatasi au imechapwa moja kwa moja juu ya bati. Uchapaji wa juu ya bati kwa beji ulienea baada ya 1916 hivi. Basi ukionyeshwa McKinley wa 1896 aliyechapwa juu ya bati, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Mwaka 1972 kampuni ya mafuta ya American Oil iligawa nakala za beji za zamani kama zawadi, na zimewadanganya wengi. Mwaka uliofuata sheria ya Marekani ikaamuru nakala za namna hiyo ziandikwe mwaka zilipotengenezwa. Wajanja hukwangua.

Na za hapa kwetu? Baba mkubwa, aliyekuwa naibu chifu huko Kakamega, anayo moja ya jogoo wa KANU, chama kilichotawala Kenya tangu uhuru hadi 2002, ndani ya kopo la Kimbo, pamoja na vifungo na funguo zisizo na kufuli. Enzi za Nyayo, yaani za Rais Moi, beji ya chama kwenye koti ilikuwa kama bima: hukuivaa kwa mapenzi tu. Desemba 2002 KANU iliposhindwa na NARC, kola zikabaki na vitundu. Nilipomuuliza kwa nini hakuitupa kama wenzake, alinijibu kwamba pini yake ni nzuri, inashika.

Wiki iliyopita nilimpelekea Mondale wangu fundi mmoja wa Kondele anayetengeneza beji za harusi na za matanga. Alicheka, maana mashine yake ya mkono inafanya kitu kile kile cha 1896: kibati chini, karatasi ya picha juu yake, utando wa plastiki, unavuta mkono, unageuza, unaweka mgongo wenye pini, unavuta tena. Akanionyesha kona ya kibanda. Kabla ya mchujo wa chama, mgombea wa wadi alimwagizia beji, akalipa nusu. Mchujo ukamkataa, na simu yake haikushikwa tena. Bati likishabanwa halifunguki likatumika upya, kwa hiyo gunia zima liliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Alibakisha moja ukutani, ya kuonyesha wateja jinsi rangi inavyotoka.