Makrame ikianza kuuzwa: kamba, bei na daftari

Tangu kazi za mafundo ya kamba, yaani makrame, zianze kujaa kwenye kurasa za mauzo mitandaoni, dawati letu la wafanyabiashara wadogo linapokea malalamiko ya aina mbili. Wanunuzi wanasema hanga ya chungu cha maua imelegea au imeangusha chungu baada ya wiki chache. Wafungaji nao wanasema oda hazikatiki, lakini hela ya kununulia kamba mpya haionekani. Msimu wa Sabasaba unakaribia na wengi wanajiandaa kupanga kazi zao mezani, hivyo tunatoa ufafanuzi huu mapema. Anayefunga tayari anayajua mafundo yake, hatutayarudia hapa.

Chungu chenye upana wa sentimita 20, udongo ukishalowa, hufika kilo 6 au 7. Kamba nzima ya pamba ya milimita 4 haikatwi na uzito huo. Kinachoshindwa kwa kawaida ni pete ya waya iliyokunjwa tu bila kuchomelewa, ambayo hufunguka kidogo kidogo, au fundo la chini linalokusanya kamba zote likiwa limefungwa kwa nailoni au plastiki. Pamba hujishika yenyewe. Nailoni na plastiki huteleza, kwa hiyo ncha zikatwe kwa moto na fundo la kukusanya lizungushwe mara nyingi zaidi. Plastiki ikikaa juani miezi mingi hukauka na kumeguka. Isiuzwe kama kamba ya barazani. Katani yetu ni imara, ila hunyonya maji na kuota ukungu, na ukanda wa pwani una unyevu wa kutosha bila kuongezewa. Itumike kwa mapambo ya ukutani au kwa chungu chenye sahani isiyovuja.

Kabla ya kuuza, ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwa saa 24. Hizo ni kilo 20, karibu mara tatu ya mzigo halisi. Weka alama ya kalamu chini kidogo ya fundo la kukusanya. Alama ikisogea hata nusu sentimita, fundo lifunguliwe na kufungwa upya. Urefu wa kumtangazia mteja upimwe baada ya jaribio hili, kwa kuwa pamba hunyooka ikibeba mzigo. Na kazi iliyotangazwa kuwa bapa ikijikunja kama parafujo, kosa si la kamba: nusu fundo zote zimeanzwa upande mmoja badala ya kupishana kushoto na kulia.

Vipimo ndipo fedha inapopotelea. Hanga ya mita 1, pamoja na matamvua, hutumia kamba 8 za mita 5, na vipande 2 vya mita 1 vya kukusanyia juu na chini. Jumla ni mita 42. Kila kamba ya mita 5 isikunjwe katikati kabisa. Ikunjwe upande mmoja, wa kati, ubaki mita 1.6 na mwingine, wa pembeni, 3.4, kwa sababu kamba za kati hutumika kidogo tu kupita urefu wa kazi, ilhali za pembeni ndizo zinazozunguka na kuliwa na fundo. Anayekunja sawasawa huishiwa pembeni huku akikata na kutupa za kati. Rola ya mita 100 hutoa hanga mbili na mita 16 za masalio, na masalio hayo yamelipiwa. Rola nayo ipimwe siku ya kununua. Ikipungua urefu ulioandikwa, Wakala wa Vipimo ndio wa kuelezwa.

Sasa bei. Tuchukulie mita moja ni shilingi 250: kamba 10,500, pete 1,500, saa mbili na nusu za kazi kwa 3,000 kila saa ni 7,500, kifungashio 500. Gharama ni 20,000. Faida ya asilimia 30 inaifikisha 26,000. Duka linalotaka asilimia 35 ya bei ya rafuni haliongezewi asilimia 35 juu ya 26,000. Ukifanya hivyo bei inakuwa 35,100, duka linachukua 12,285, na wewe unabaki na 22,815. Gawanya 26,000 kwa 0.65: bei ya dukani ni 40,000. Tumeeleza hili mara nyingi, na bado mtu anakuja na bei aliyoiona kwa jirani.

Kuna dhana nyingine ambayo lazima tuiseme wazi: kwamba kazi ya mikono inayofanyiwa sebuleni haihusiki na kodi. Inahusika. Kiwango cha shilingi milioni 4 kwa mwaka, ambacho chini yake hakuna cha kulipa katika kodi ya makisio (inayokadiriwa kwa mauzo ya mwaka) Tanzania Bara, ni cha mauzo ghafi, si cha faida. Hanga 13 kwa mwezi kwa 26,000 ni shilingi 4,056,000 kwa mwaka, tayari umevuka. Hapo daftari ndilo linaloamua. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4, yaani kwa mfano huu shilingi 1,680. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, hivyo hakikisha jedwali la mwaka husika kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kulipa. Malipo hugawanywa kwa awamu nne, mwisho 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Awamu iliyochelewa hutozwa riba, na kusema "sikujua" hakuifuti. Daftari na risiti vitunzwe miaka 5.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure. Anayekuomba hela kwa ajili ya namba hiyo anakuibia. Leseni ya biashara huombwa halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI, hudumu miezi 12 tangu ilipotolewa, na kila halmashauri itakueleza ada yake. Jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na kwa Zanzibar wakala huyo ni BPRA. Kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara: hiyo huombwa peke yake, na kwa Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kila miaka 10.

Wanaotaka mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo haina riba na hugawanywa asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, waje na daftari lilelile: tarehe, mita zilizokatwa, saa, bei, aliyenunua. Picha za kazi nzuri kwenye simu tunazipenda, lakini hazionyeshi kama kikundi kinaweza kurejesha mkopo.