"Fundi, Piga Saruji Tu"

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Bwana mmoja, mtu wa heshima zake, amelipata jumba la ghorofa tatu upande wa Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, anataka liwe hoteli. Tumepanda ngazi, tumeshuka, nimemwonyesha lipu iliyovimba mpaka usawa wa kifua. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Sawa fundi. Chokaa hii yote tuibandue, tupige saruji, nyumba iwe imara. Wageni wanaanza kuingia Julai."

Lipu iliyovimba ilikuwa ya saruji. Chokaa ilikuwa ukuta wa pili, na ule haukuwa na neno.

Maneno haya nimeshayasikia kwa wenye nyumba, kwa makandarasi, kwa wapangaji, na mara moja kwa fundi mwenzangu, na huyo ndiye aliyeniudhi hasa. Kwa hiyo leo naandika, ili atakayeniambia tena nimpelekee ukurasa huu, nami niendelee na chai yangu.

Watu wanadhani kitu kigumu ndicho imara. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama chila. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe hayo, yameshikwa kwa chokaa na udongo, unene wa nusu mita na zaidi. Unakunywa maji kutoka ardhini na unayatoa kwa uso wake, na mji wenyewe uko kwenye rasi, bahari huku na huku. Niru, ile lipu laini ya chokaa, inaufunika ukuta lakini unyevu unapita. Nyumba ikitikisika kidogo, chokaa inakwenda nayo. Ikipata ufa mwembamba, mvua mbili tatu huuziba wenyewe. Waliojenga hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho na subira.

Saruji inaziba. Maji yakikosa pa kutokea mbele hayarudi chini, yanapanda. Yalikuwa yakiishia gotini, sasa yanafika kiunoni, kifuani, na yamebeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu inafanya fuwele, fuwele inasukuma, lipu inavimba. Mwenye nyumba akiona uvimbe anasema ukuta umechoka, anaongeza saruji. Mwaka wa pili ananipigia simu kuniuliza kwa nini unyevu umehamia chumba cha juu.

Na uvimbe ni aibu tu. Linaloninyima usingizi ni boriti, yale magogo ya mkoko yanayobeba dari. Vichwa vya boriti vimo ndani ya ukuta, usipoviona. Ukuta ukiwa mkavu, mkoko unakaa miaka mia moja bila ya kulalamika. Ukiloana, kichwa kinaoza kimya kimya huku katikati, pale unapopatazama darini, pazima kabisa. Ukipagonga panalia vizuri, unafurahi. Nimewahi kuingiza bisibisi kwenye kichwa cha boriti ikazama mpaka mpini. Juu yake watu walikuwa wamelala.

Rangi ya plastiki ni kosa lile lile kwa bei ndogo. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe unakijua, kakichukue. Nisirefushe.

Nitarefusha kwenye vyoo. Nyumba hizi zilikuwa na choo na bafu pembeni, kimoja juu ya kingine, ili maji yashuke sehemu moja. Sasa hoteli yenye vyumba kumi na mbili inataka mabafu kumi na mbili, kila kimoja kimebandikwa mahali ambapo ukuta haujawahi kuona bomba. Kiungo kimoja kikivuja nyuma ya vigae, hutajua mpaka boriti ikwambie. Kisha matangi: lita 2,000 za maji ni tani mbili, na jamaa wanalipandisha tangi darini kama wanapandisha godoro. Ukitaka mabafu mengi, yapange wima, mabomba yapite nje ya ukuta yaonekane. Ni mabaya kwa picha, najua. Bomba linaloonekana ndilo linalotengenezwa.

Tena wapo wanaotaka vyumba vipana. Vyumba vyetu ni vyembamba, mita mbili na nusu, tatu hivi, kwa kuwa mkoko ndivyo unavyofika. Ukuta wa kati unaotaka kuubomoa upate chumba cha maharusi ndio uliobeba boriti za pande zote mbili. Wembamba ule ndio Mji Mkongwe wenyewe. UNESCO ilipouorodhesha mwaka 2000 haikuorodhesha milango peke yake, ingawa ukiwasikiliza baadhi ya watembeza wageni utadhani hivyo. (Na kwa jina la Mungu, hadithi ya misumari ya shaba kuzuia tembo tuiachie India ilikotoka. Tembo wa Unguja alipita wapi, uchochoro gani?)

Sasa ya kwangu, maana nikisema mimi ni msafi nitakuwa muongo. Saruji nimeitumia. Kuna nyumba nimeizungushia mkanda wa zege juu kwa sababu kuta zilikuwa zinaachana na sikuwa na njia nyingine niliyoiamini. Masika ikiingia bado napita kuitazama. Kuna ukuta Malindi umepigwa saruji tangu nikiwa kijana, umesimama, hauna hata ukungu, na kila nikipita pale naona kama unanicheka. Chokaa nayo si jambo jepesi: ya zamani ilichomwa kwa matumbawe na magogo ya mikoko, na leo nikikwambia uchome matumbawe na ukate mikoko ili uhifadhi urithi, mtu wa bahari ana haki ya kunipiga. Tunayonunua dukani hainipi ile niru ya wazee, na sijui kama lawama ni ya chokaa au ya mikono yetu, maana tunaipaka leo na kesho tunataka imekauka.

Na utalii? Bila ya hoteli nyingi ya majumba haya yangekuwa vifusi. Lakini kila nikikabidhi hoteli nahesabu baraza zilizobaki tupu mtaani, na hesabu hiyo siijumlishi vizuri. Ukubwa pia hauokoi. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la sultani, ilijengwa mwaka 1883, ina nguzo za chuma, ndiyo iliyokuwa ikitutambia ufukweni, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaanguka, watu wawili wakafa. Siku hiyo niliacha kazi mapema, nikaenda kugonga boriti za nyumbani kwangu.

Yule bwana wa Mkunazini nilimweleza yote haya, ila kwa upole kidogo kuliko hapa. Nikamwambia tubandue saruji, tuuache ukuta ukauke masika yote ipite, tutomee mianya, tupige chokaa tabaka kwa tabaka, afungue mwakani. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia amenielewa. Jana amenipigia simu kuniuliza kama tunaweza kupiga saruji upande wa nyuma tu, ambako wageni hawapiti.