Nyumba ya Wapangaji Sita na Kodi Iliyokwisha Kuliwa

Kazi yangu ni uthamini wa majengo jijini Dar es Salaam, na mteja anayetaka nyumba ya kupangisha yenye sehemu nne au sita karibu kila mara hunijia na hesabu ya dalali: kodi ya mwezi mara idadi ya wapangaji, mara 12. Hesabu hiyo huacha jambo zito kuliko yote, nalo ni kwamba kodi hapa kwetu kwa kawaida hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingiza godoro lake ndani.

Nyumba moja ya Tabata ilinifundisha. Sehemu zote sita zilikuwa na watu, kila mmoja akilipa shilingi 250,000 kwa mwezi. Sikuridhika na daftari la mwenye nyumba, nikapiga hodi mlango kwa mlango, na mama mmoja akanitolea stakabadhi kutoka kwenye bahasha ya kaki alimotunza kadi za kliniki za watoto: alikuwa amelipa hadi Desemba, nasi tulikuwa mwisho wa Februari. Wanne kati ya sita walikuwa hivyo. Mteja wangu angenunua miezi kumi ya wapangaji ambao kodi yao, shilingi 10,000,000, muuzaji alikwisha kuila. Wakili aliiingiza katika mkataba wa mauziano, ikakatwa kwenye bei.

Ndipo mapato halisi yahesabiwe. Kwa mwaka nyumba hiyo huonekana kuingiza 18,000,000, lakini toa mwezi mmoja wa kila sehemu kukaa tupu, toa kodi ya mapato ya pango ya asilimia 10, toa rangi, mabomba na gari la kunyonya maji taka, ambalo msimu wa masika huitwa mara nyingi zaidi. Kinachobaki kwa mwenye nyumba kinaweza kuwa milioni 12 tu. Kiasi hicho ndicho cha kulinganisha na faida ya hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali fedha kwa riba.

Tazama pia mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla. Mita moja kwa familia sita ni ugomvi wa kila wiki, na kwa kuwa kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa humo, mpangaji anayenunua umeme huilipa kwa niaba yako na ana haki ya kukudai.

Kuhusu hati, upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati haukwepeki, ila hautoshi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba wanamoishi wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na wauzaji wengi huishi katika sehemu mojawapo ya nyumba hizi. Kwa hiyo muuzaji akiwa na ndoa, mimi huomba kuzungumza na mwenzi wake kabla mteja wangu hajatoa hata kianzio.